Ushauri: mbwa wangu wanawaweza sungura wa vichakani, wa tambarare wanawashinda

Wakuu habari zenu. Nina mbwa wawili aina ya Beagle, pua zao ziko vizuri. Kwenye vichaka wakimuibua yule sungura mdogo sina shida, ila yule mkubwa wa miguu na masikio marefu wa maeneo ya wazi akishatimka tu basi, wanafuata harufu wanabweka wee alafu ghafla wanabaki wanazunguka sehemu moja wamepoteza. Niwafundishe upya au nitafute mbwa wengine?

Kichuguu: Mkuu mbwa wako hawana kosa, hao ni wanyama wawili tofauti. Mdogo hapendi kutoka kwenye eneo lake, anakimbia anazunguka anarudi karibu na pale alipoibuliwa, kwa hiyo wewe simama hapohapo utulie usiwakimbilie mbwa. Mkubwa halali shimoni, analala juu ya ardhi kwenye kijishimo kifupi na tegemeo lake ni mbio, anaweza kufika hata kilomita 70 kwa saa. Alafu ana ujanja, anarudi kwa nyayo zake mwenyewe kisha anaruka mbali pembeni, harufu inakatika. Hapo ndo mbwa wako wanapoachwa. Usiwapigie kelele, waache wapanue mzunguko wenyewe wataidaka tena mbele.

MbioNdefu: Nyongeza, kwa tambarare wanafaa mbwa wa kukimbiza kwa macho kama Greyhound. Ila hao wana kasi ya muda mfupi tu, ukiwaachia mfululizo juani unaweza kumuua mbwa kabla ya sungura. Ukiona anahema bila kutulia, mate mazito, anayumba, simamisha kila kitu, mpeleke kivulini umwagie maji tumboni na miguuni.

Mleta uzi: Asante sana wakuu. Na wale wanaochimba mashimo marefu?

Kichuguu: Hao wanaingia chini sekunde chache tu, wengi hutega nyavu kwenye midomo ya mashimo. Mbwa mdogo usimruhusu aingie, anakwama humo na kumtoa ni kazi kweli. Na wale wa kwenye majimaji wanaogelea, mbwa akifika ukingoni harufu imeishia majini, mvushe akaitafute ng'ambo.

Dada_Pori: Jamani mbona hakuna anayegusia afya? Sungura pori anaweza kuwa na tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza hadi watu, vaa glavu ukichuna, nyama iive kabisa, na ini likiwa na vidoadoa vyeupe usimle kabisa sungura huyo wala usiwape mbwa. Ukikuta sungura kazubaa hakimbii, muache, huyo mgonjwa. Kingine, ulizia sheria na kibali kabla hujatoka, maana kuna sehemu kuwinda kwa mbwa ni marufuku kabisa, na msimu wa kuzaa waache, watoto wa yule mkubwa wanalala wazi kwenye majani na mbwa anawaokota kirahisi mno.

Mleta uzi: Nimekupata dada. Je glavu za mpira nyepesi zinatosha?

Dada_Pori: Zinatosha kama hazijatoboka, mfupa uliovunjika unazipasua haraka, vaa mbili mbili.