Mashine ya 15 inaishiwa nguvu katikati ya safari, ukiminya kipira cha mpira wa mafuta inarudi. Naombeni msaada

Mvuvi_Kivinje

Habari za leo wakuu. Nina mashine ya Yamaha 15 (nguvu za farasi 15) ya tu-stroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, piston mbili, nimeifunga kwenye boti ya mbao, natoka nayo Kilwa Kivinje kwenda pande za Songo Songo kuvua. Ina miaka minne kwangu na kwa kweli imenilisha mimi na familia, haijawahi kunisumbua kiasi hiki.

Tatizo liko hivi. Asubuhi inawaka mvuto wa pili au wa tatu, inatulia, sailensa (ule mzunguko wa chini bila resi) nzuri kabisa, natoka pwani kwa resi ndogo hakuna shida. Nikishafika nje nikaifungulia yote inakimbia vizuri kama dakika kumi halafu nguvu inaanza kushuka taratibu, mlio unakuwa wa kuchoka, boti inakaa chini, mwisho inazima. Kijana wangu akikamata kile kipira cha kwenye mpira wa mafuta akakiminya mara tano sita inawaka na kukimbia dakika kumi zingine, safari nzima ndo hivyo, mmoja kashika mkono wa mashine mwingine anaminya kipira. Juzi imezima maji yanakupwa, kusi inatusukuma kwenye mwamba, tukawahi kutia nanga. Nilikuwa na watoto wawili wa dada yangu ndani. Sitaki ijirudie.

Plagi zote mbili nimebadilisha. Fundi wa hapa kafungua kabureta mara mbili, nimelipa mara mbili, hali ileile. Sasa anasema piston zimechoka tufungue injini yote. Mwingine kaniambia niongeze oili kwa hiyo sasa hivi naweka lita nzima kwenye dumu la petroli la lita ishirini, moshi umekuwa mwingi na plagi zinalowa. Kabla sijatoa hela ya kufungua injini naomba wenye uzoefu mniambie nianzie wapi.

Nyavu_Kubwa

Pole sana mkuu. Yangu ilikuwa inazima hivyohivyo, kumbe koili ya kupeleka moto kwenye plagi ikipata joto inakufa, ikipoa inarudi. Badilisha koili utakuja kunishukuru.

FundiMashine_Tanga

Mkuu wa Kivinje pole, na usifungue injini. Usinunue koili pia. Nyavu_Kubwa sikupingi kwamba yako ilikuwa koili, lakini soma vizuri alivyoeleza, mashine inavyozima ndo inakuambia ugonjwa. Koili au sidiai (CDI, kile kisanduku cha umeme wa plagi) ikigoma injini inakatika ghafla kama mtu kazima swichi, haikupi taarifa, na hata uminye kipira mpaka mkono ufe ganzi haiwaki mpaka ipoe. Ya mwenzetu inashuka taratibu, inalia njaa, halafu akiminya inafufuka palepale ingali ya moto. Moto wa plagi upo. Kinachokosekana ni petroli kufika.

Na piston zikichoka mashine inakuwa nzito kuwaka asubuhi na haina nguvu toka mwanzo, haisubiri dakika kumi. Yako inawaka mvuto wa pili, mgandamizo upo.

Sasa mafuta yana safari yake: tenki, kile kijiti cha kunyonyea ndani ya tenki, mpira, kipira cha kuminya, mpira tena, kichomeo cha kuunganisha kwenye mashine, chujio, pampu ndogo ya injini, ndo mwisho kabureta. Mafundi wengi wanaanzia mwisho kwa sababu kabureta ndo inaonekana ya kitaalamu. Wewe anzia kwenye tenki, na chombo chako cha kupimia ni hicho kipira chenyewe.

Nenda nje na mtu, fungulia yote, na nguvu ikianza kushuka mwambie akishike kipira BILA kukiminya, akuambie kikoje mkononi. Kikiwa kimesinyaa, kimebana kama chupa ya maji uliyonyonya hewa, basi pampu ya injini inavuta vizuri sana ila kuna kitu kimeziba kati ya kipira na tenki. Cha kwanza ni kile kiskrubu cha hewa juu ya mfuniko wa tenki. Watu wanakifunga wakati wa mawimbi maji yasiingie halafu wanasahau, mafuta yanavyopungua hewa haiingii, tenki linakaza, basi. Dawa ya kujua ni sekunde moja, ikianza kuchoka legeza mfuniko, ikipata nguvu umeshamaliza. Isipopata nguvu angalia kijiti cha ndani ya tenki na mpira wenyewe.

Kipira kikiwa hakijasinyaa, kipo laini tu kama kina hewa, basi ama pampu ya injini imechoka, daiframu (kile kiwambo chembamba ndani ya pampu) imetanuka au ina kitundu, ama kuna sehemu inaingiza hewa. Hapa wengi wanapotea kwa sababu wanatafuta petroli inayovuja na hawaioni. Upande unaonyonya hauvuji kwenda nje, unaingiza hewa ndani. Zima injini, minya kipira mpaka kiwe kigumu kabisa, subiri dakika mbili, pitisha kidole kikavu kwenye kila kiungo kuanzia kipira mpaka kwenye mashine, na hasa ile raba ya mviringo ndani ya kichomeo. Petroli itajitokeza yenyewe. Njia nyingine, kata kipande cha mpira wa kuonekana ndani, unaofaa petroli, unganisha karibu na injini, iache izunguke, ukiona mapovu yanapita umeshapata ushahidi.

Kipira kikiwa kigumu muda wote na bado inakufa, hapo ndo tatizo liko mbele, chujio au kabureta.

Daiframu ikitoboka kuna dalili nyingine, petroli inapita kwenye kitundu inaingia moja kwa moja kwenye injini, plagi moja inalowa kuliko mwenzake na moshi hauishi.

Halafu hii ya oili, naomba unisikilize. Rudisha 50 kwa 1 leo, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1. Dumu la lita 20 linataka mililita 400, basi, na iwe oili ya mashine za boti iliyoandikwa TC-W3, siyo ile ya pikipiki. Mara mbili yake, mililita 800, ni kwa injini mpya saa zake kumi za kwanza tu. Wewe uko 20 kwa 1. Watu wanadhani oili nyingi ni kinga lakini tundu la jeti, kile kipande cha kabureta kinachopitisha mafuta kwa kipimo, ni lilelile, ukijaza oili nafasi ya petroli inapungua, kwa hiyo umeipunguzia chakula mashine ambayo tayari ina njaa, na plagi unazichafua.

Na sababu inayonifanya niandike kirefu hivi ni moja. Kwenye tu-stroki oili inaingia pamoja na petroli, hakuna njia nyingine. Mashine inapokosa petroli kwa resi kubwa inakosa na ulainisho sekunde hiyohiyo, wakati piston iko kwenye joto lake kubwa kabisa. Kila unapoilazimisha dakika ile ya mwisho kabla haijazima unakwangua silinda. Kwa hiyo usivue nayo mpaka tujue. Nimewahi kupokea piston imeshikana na ukuta wa silinda, aluminiamu imepakwa kama siagi, na chanzo ni kitundu cha hewa cha mfuniko.

Dagaa_Ukerewe

Huku ziwani tunalala na hizi mashine usiku kucha kwenye dagaa kwa hiyo naongezea moja tu, pima na petroli yenyewe. Chukua kidogo kutoka chini ya tenki, weka kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie nusu saa. Kama kuna maji utayaona chini yanatembea kama shanga ukiinamisha chupa. Madumu yetu yanakaa kwenye boti wazi, mvua juu, mawimbi pembeni, maji yanaingia tu.

Na uchakachuaji bado upo kwa hawa wauzaji wa madumu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) mwaka 2010 kukomesha hii lakini dumu la mtaani nani anapima. Kabla hujachanganya oili dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache likauke kivulini. Petroli safi inaondoka yote, ikibaki alama ya mafuta imechanganywa na mafuta ya taa au dizeli. Ukishaweka oili kipimo hiki hakikuambii kitu. Mimi niliuziwa lita arobaini za namna hiyo, mashine ikawa inagonga kama inapigwa nyundo, nikamwaga zote na roho iliniuma.

Lamu_Baharini

Salama kakangu. Hayo ya Tanga ni ya haki. Mimi ningekuuliza huo mpira wa mafuta ni wa kwanza uliokuja na mashine ama ulibadilisha? Na ule mshale wa kwenye kipira watazama injini? Ulizeni kwanza hayo madogo. Wangu ulikuwa mzima kwa nje, wang'aa kabisa, lakini kwa ndani umebambuka, na ulipofungua resi ile ngozi ya ndani yavutwa yajifunga kama mlango. Resi ndogo yapita, resi kubwa haipiti.

Mvuvi_Kivinje

Wakuu nimerudi. Jumamosi nimetoka na kijana bila wavu, bahari shwari, tukazunguka karibukaribu na mwalo. Petroli nimeipima kwenye chupa, hakuna maji. Karatasi imekauka safi. Oili nimerudisha mililita 400 na plagi nimezisafisha.

Dakika ya tisa ikaanza kuchoka. Kijana kashika kipira, akapiga kelele "kimebonyea chote!" nikaangalia mwenyewe, kimebana pande mbili zimegusana kabisa. Nikashusha resi haraka kama ulivyosema, nikalegeza mfuniko wa tenki, hakuna mabadiliko. Tukarudi.

Nimechomoa kijiti cha kwenye tenki, kale kachujio kake ka chini kana utando kama ute wa kahawia, nikakasafisha na petroli na mswaki. Kujaribu tena ikaenda dakika kumi na tano, kikasinyaa tena. Basi nikakumbuka maneno ya ndugu wa Lamu, nikachukua kisu nikaupasua ule mpira kwa urefu kuanzia tenki mpaka kwenye kipira. Jamani. Kwa nje ni mpira mpya, niliununua mwaka jana kwa muuzaji mmoja wa vifaa, akaniapia ni wa petroli. Kwa ndani ngozi imeachia kama ganda la muwa, karibu na kile kibano cha tenki kuna ulimi umesimama, urefu wa kucha, nikiusukuma na njiti unaziba tundu lote. Injini ikizima ulimi unalegea, ukiminya kipira mafuta yanapita, injini ikivuta kwa nguvu unajifunga tena.

Nimenunua mpira mwingine uliochapishwa kwamba ni wa mafuta pamoja na kipira kipya. Jana nimekimbia dakika arobaini kwa resi yote, haikutetereka, kipira hakijaguswa. Nimekaa kwenye boti nikashukuru Mungu, nawashukuru na nyinyi kutoka moyoni, laki kadhaa za kufungua injini zimebaki nyumbani.

Kitu kimoja tu, nimefungua plagi baada ya kutoka, naona zote mbili ni nyeupenyeupe, hazina ile rangi ya chai. Ni kawaida?

FundiMashine_Tanga

Alhamdulillah, kazi nzuri sana hiyo, hasa kushusha resi mapema.

Nyeupe siyo kawaida, ni dalili petroli bado inafika kidogo, na umefanya vizuri kuuliza. Ila kwanza ulizifunguaje? Ili rangi iwe ya kweli kimbia resi kubwa dakika tatu nne, zima ikiwa palepale kwenye resi bila kuirudisha sailensa, ndo ufungue. Zikiwa bado nyeupe zote mbili mimi naishuku kabureta, maana kwenye mashine yako kabureta ni moja inalisha silinda zote. Ingekuwa moja nyeupe na mwenzake rangi ya chai ningeogopa hewa inaingia kwenye silinda ile peke yake, gasketi au sili ya shafti.

Na angalia hivi, ile ngozi iliyobambuka, vipande vyake vimekwenda wapi? Vimeshuka mbele. Fungua kikombe cha chujio. Halafu kiskrubu cha chini ya bakuli la kabureta, weka kikombe cheupe chini yake, kilegeze mafuta yamwagike uone yanakuja na nini. Ukikuta uchafu, toa jeti kuu, ipulize na pampu ya baiskeli, itazame kwenye jua tundu liwe duara safi. Usiichokonoe kwa waya hata uwe mwembamba namna gani, shaba ni laini, ukilitanua tundu hilo halirudi. Mpaka hapo usiikimbize zaidi ya nusu resi.

Mvuvi_Kivinje

Nimefungua sasa hivi kabla ya magharibi. Kwenye kikombe cha chujio kuna vipande vyeusi vitatu, kimoja kikubwa kama punje ya mchele. Bakuli la kabureta limetoa vumbi jeusi. Jeti nimeitazama kwenye jua, tundu lina ukungu upande mmoja kama mwezi mwandamo. Pampu ya baiskeli naazima kwa jirani, kesho asubuhi naweka rangi ya plagi hapa.