Naombeni ushauri: sarafu ya Nero, kuna mtu kaketi kashika kitu kama mwiko

Mbeba Maboksi
Wakuu, habari za jioni. Niko Birmingham. Jamaa ninayefanya naye kazi ghalani anauza sarafu, anasema ni dhahabu ya Kirumi. Upande mmoja kichwa cha mwanamume mwenye shingo nene, NERO CAESAR AVGVSTVS. Upande wa pili mtu kaketi kifua wazi, mkono mmoja fimbo ndefu, mwingine kashika kitu kama mwiko. Pembeni pameandikwa IVPPITER CVSTOS. Nimeipima: gramu 4.6, upana milimita 19. Anataka pauni 900, mwisho kesho. Nichukue? Mama watoto naye kasema hataki miungu ya watu ndani kwake.

Sonara Mstaafu
Kaa mbali nayo. Nero, kaizari wa Roma, kuanzia mwaka 64 BK, alitoa sarafu 45 za dhahabu katika ratili moja ya Kirumi, yaani kama gramu 7.3 kila moja. Kabla ya hapo zilikuwa nzito zaidi. Dhahabu haichakai hadi ikapoteza theluthi. Uzito wa 4.6 unakaribia solidusi, sarafu ya dhahabu ya Kaizari Konstantino, ambayo ilikuja zaidi ya miaka 200 baadaye. Halafu, aureusi halali ya Nero, yaani sarafu yake ya dhahabu, huuzwa maelfu ya pauni. Iweje yeye akupe kwa 900?

Chizi Maarifa
Jupita kakonda kwa shifti za usiku 😂

Mwana wa Historia
Mkuu, huo si mwiko, ni radi! Ndiye Jupita, mkubwa wa miungu yao, na *Custos* ni mlinzi. Picha hiyo hufungamanishwa na mwaka 65, seneta Piso na wenzake walipopanga kumuua Nero wakakamatwa. Jambia lililoandaliwa kwa kazi hiyo Nero alilipeleka Kapitoli, kilima cha hekalu la Jupita huko Roma, akamtolea mungu huyo. Kwa hiyo picha ni sahihi kabisa, ila waghushi nao wana vitabu.

Sonara Mstaafu
Tazama ubavu wake. Za kweli ziligongwa kwa nyundo. Ukiona mstari umezunguka, imemiminwa kwenye kalibu.

Mama Wawili
Msikilize mkeo, hata kama sababu yake ni nyingine.

Mbeba Maboksi
Mrejesho: mstari upo, mzima. Nilipomwonyesha akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nipe mia tatu."