Shukrani za rambirambi, na kumbukumbu ya baba yetu

Ndugu zangu wanajumuiya, assalaam alaykum.

Kwa niaba ya familia nawashukuru nyote mliopiga simu, mliofika nyumbani na mliochanga rambirambi tangu Alhamisi, siku ambayo baba yetu alifariki alfajiri huko Dar es Salaam na kuzikwa alasiri, mimi nikiwa bado natafuta tiketi. Baadhi yenu mlimwona alipotutembelea Manchester, mkadhani ni mtu mkimya. Napenda mumjue zaidi ya hapo.

Aliingia kiwanda cha nguo mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za viwanda vya umma vilivyofuata Azimio la Arusha. Alianza kwa kuunga nyuzi zinazokatika, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, na akastaafu ubinafsishaji ulipofika miaka ya 1990. Mishahara ilipochelewa alilima mchicha bondeni, nasi sote sita tukasoma. Khanga za mama alizipinda yeye mwenyewe: baada ya magharibi huketi barazani, doti imelala mapajani, akipitisha kidole gumba juu ya pindo kutafuta mahali uzi ulipolegea, na akipapata hufumua, hata kama mama ameshasema inatosha.

Kuhusu ukimya wake, mitambo ya kufumia hupiga kelele kiasi kwamba humsikii mwenzako aliye hatua mbili kutoka ulipo, hivyo wafumaji husomana midomo, na masikio ya baba yalidhoofu kabla hajastaafu. Kwenye simu ya kawaida alijibu "ndiyo, ndiyo", kisha akakata, nami kwa miaka kadhaa niliamini kwamba hataki mazungumzo. Najuta hadi leo. Tulipoanza kupigiana kwa video, nikawa naketi nimeelekea dirishani ili mwanga uniangukie usoni, nikapunguza masharubu yaliyofunika mdomo, na tukazungumza saa nzima. Wenye wazee waliofanya kazi penye mitambo, tafadhali jaribuni hivyo.

Nilipopata kazi ya kwanza hapa, kwenye ghala lenye mashine za kufungasha, swali lake la kwanza halikuwa mshahara, bali kama nimepewa vizibo vya masikio. Kwa faida ya wageni: kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinamtaka mwajiri atoe vizuia sauti na ahakikishe vinavaliwa pale kelele inapofikia wastani wa desibeli 85 kwa siku. Dai haki hiyo bila woga.

Siku moja nilimpeleka Quarry Bank, kiwanda cha pamba kilichoanzishwa mwaka 1784 pale Styal, jirani na uwanja wa ndege, ambacho sasa ni makumbusho. Mtambo ulipowashwa wageni waliziba masikio. Baba alisogea hadi kwenye kamba ya kuzuia watu, mikono nyuma, akaukazia macho, kisha akanigeukia na kusema kwa midomo tu, bila sauti: "Uzi umekatika." Mwendeshaji aliuzima mtambo muda mfupi baadaye, akainama kuuunga.

Khitma tutaisoma Jumamosi hii baada ya adhuhuri, nyumbani kwetu. Njooni na watoto, kwani alipenda sana kuwatazama wakizungumza.