Mdogo wangu kadhalilishwa na hawa wa mikopo ya mtandaoni, tulipe tuyamalize au tusilipe? Naombeni ushauri

Kaka_wa_Igoma

Wakuu habari za muda huu.

Niende moja kwa moja maana kichwa kimejaa. Nina mdogo wangu wa kike yuko Morogoro, kaolewa, ana watoto wawili, kazi yake fundi cherehani. Januari si mnajua msimu wa sare za shule, akapata tenda ya kushona sare, kitambaa kikapungua na hela ya mteja ilikuwa bado haijaingia, akaona tangazo Facebook la mkopo wa dakika tano hauhitaji dhamana wala mdhamini, akabonyeza. Wakataka picha ya kitambulisho cha NIDA, wakataka ajipige selfi ameshika hicho kitambulisho kifuani, halafu ile programu ikawa inauliza ruhusu hiki ruhusu kile, ukikataa kimoja haiendelei mbele. Akaomba laki moja. Iliyoingia kwenye simu ni elfu 68, nyingine eti ada ya huduma, na baada ya siku saba anatakiwa arudishe laki na elfu 25.

Siku ilipofika akalipa elfu 70 akawaomba wiki moja amalizie, mteja alikuwa kalipa nusu tu. Jioni ileile ndo moto ukawaka. Meseji zikaanza kwenda kwa kila mtu aliyemsevu kwenye simu, mama mkwe wake, mwalimu wa mtoto, fundi bomba aliyewahi kumrekebishia koki, mpaka mimi huku Mwanza. Yangu inasema hivi, naikopi kama ilivyo: "Habari, huyu mtu amekuweka wewe kuwa MDHAMINI wake, amekimbia na pesa ya kampuni, mwambie alipe ndani ya saa 1 la sivyo na wewe utachukuliwa hatua". Mimi sijawahi kumdhamini mtu yeyote popote. Halafu wakafungua kundi la WhatsApp wakatuingiza watu kibao hatujuani, wakaweka ile selfi yake wameiandika kwa maandishi mekundu MWIZI ANATAFUTWA, na namba ya NIDA inasomeka vizuri kabisa pale kifuani.

Kilichoniuma zaidi ni kikoba chao, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana. Yeye ni mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za sanduku, wenzake wamempa miaka yote hiyo kwa uaminifu wake. Mwenyekiti kapata ile picha, kesho yake kamtumia mtoto aje achukue ufunguo. Mdogo wangu toka juzi hatoki ndani, hata cherehani hajagusa.

Sasa wanadai elfu 95 kwa sababu ya faini ya kila siku. Hiyo hela mimi ninayo naweza kutuma sasa hivi. Shemeji anasema tusitume hata mia. Naombeni ushauri, nikilipa wataacha kweli? Na ile picha iliyosambaa tunafanyaje? Na kuna mahali pa kuwapeleka hawa watu au ndo basi tena?

mzaramo halisi

Pole sana mkuu na mpe pole dada. Hao jamaa wametesa watu wengi sana, jirani yangu hapa alihama na laini kabisa.

Bwana Mizani

Mimi nitasema tofauti kidogo mnisamehe. Deni ni deni. Alikubali masharti, alijua ni siku saba, alijua anarudisha ngapi. Tukianza kuambiana msilipe, kesho hata mkopeshaji halali atakimbia na sisi wenye biashara ndogo ndo tutaumia maana benki hazituangalii. Ningekuwa wewe ningelipa leo kieleweke, halafu mengine yafuate. Picha yake walikosea sana, hilo sipingi, ila usichanganye mambo mawili.

Mama Nuru

@Bwana Mizani kaka yangu soma vizuri alichoandika. Kapokea 68, karudisha 70. Hela yao wanayo mkononi na ya juu wanayo. Kinachodaiwa sasa ni cha kutisha watu tu.

fundi_simu_kkoo

Nifafanue upande wa simu maana hili naletewa hapa mezani kila wiki na watu wengi hawaelewi kinachotokea.

Ile "ruhusu ruhusu" ndo mtego wenyewe. Ukishakubali isome majina, fonibuku yako yote inapanda kwenye seva yao ndani ya sekunde chache, yaani hata kabla mkopo haujaingia wao tayari wanamjua mama yako, bosi wako na mchungaji wako. Kwa hiyo kufuta programu baadae hakurudishi kile kilichokwisha kwenda, ila inasaidia wasiendelee kusoma meseji mpya na lokesheni. Google walishapiga marufuku programu za mikopo kusoma majina na picha za mtu, sharti hilo lilianza 2023, ndo maana siku hizi nyingi huzikuti Play Store, unatumiwa linki kwenye Facebook au WhatsApp unapakua faili pembeni. Ukiona mkopo unakuja kwa njia hiyo jua umeshakwepeshwa ulinzi.

Kabla hajafuta chochote mwambie aifungue apige skrinishoti kila ukurasa: kiasi alichoomba, kilichoingia, tarehe, namba ya mkopo, jina la kampuni kama lipo, namba wanayotaka alipie. Ile meseji ya muamala wa elfu 68 na ule wa elfu 70 asifute kabisa, hizo ndo roho ya kesi yake. Akishamaliza aende kwenye mipangilio ya simu, programu, ruhusa, azime majina, meseji, kamera na eneo, ndipo aiondoe. Na kwa kuwa NIDA yake imesambaa apige *106# aangalie kama kuna laini asiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Msomi wa Kata

Mkuu Kaka_wa_Igoma, usitume hiyo hela leo. Sikwambii usilipe milele, nakwambia usitume leo kwa kutishwa.

Kwanza jua unashughulika na nani. Kukopesha kwa biashara hapa nchini kunahitaji leseni ya Benki Kuu (BoT) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, hata kama unakopesha kwa simu. Mwaka 2024 BoT walitoa mwongozo mahususi kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo wakatangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya BoT, ingia tafuta jina la kampuni na siyo jina la programu tu, maana hawa wakifungiwa jina moja wanarudi na jina lingine na rangi nyingine. Halafu angalia hesabu yenyewe. Kiwango cha juu cha riba kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mdogo wako kapewa 68 anadaiwa 125 kwa wiki moja, hiyo ni zaidi ya asilimia 80 kwa siku saba! Huwezi kuniambia hayo ni masharti aliyokubali mtu, masharti yaliyo kinyume na sheria hayawi halali kwa sababu mtu alibonyeza "nakubali" akiwa na shida.

Pili hili la majina na picha linasimama peke yake, deni liwepo au lisiwepo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Na angalia, mlalamikaji siyo dada peke yake. Wewe mwenyewe namba yako imechukuliwa bila ridhaa yako ukaitwa mdhamini. Mama mkwe hivyohivyo, mwalimu hivyohivyo. Kila mmoja ana haki ya kulalamika kwa jina lake, na malalamiko ya watu watano kuhusu namba moja yana uzito kuliko la mtu mmoja. Tatu vitisho na ile picha, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23, kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua ni kosa, adhabu yake faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote. Nendeni polisi na hizo skrinishoti mfungue jalada mpewe RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Hizo namba zinazotuma mzitume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, haina gharama.

Kuhusu kulipa: ukikuta kampuni ina leseni, mwandikieni kwa maandishi waoneshe mchanganuo wa deni, lipeni kinachobaki kihalali kwa namba ya kampuni, mdai uthibitisho. Ukikuta haina leseni, mimi binafsi nisingetuma shilingi kwenye namba ya mtu binafsi nisiyemjua. Wale wakishaona kaka analipa kwa aibu wanajua mlango upo wazi, wiki ijayo utaambiwa kuna faini ilisahaulika.

Nakuru Finest

Poleni sana watu wa Bongo. Hii kitu huku Kenya ilitupiga vibaya kabla yenu. Mimi bosi wangu alipigiwa simu akiwa kwa mkutano akaambiwa mfanyakazi wako ni mwizi, na sikuwa hata nimekopa, ni binamu yangu alikuwa amenisevu kwa simu yake. Nilikaa kwa ofisi ya HR nikieleza mambo ya binamu karibu nilie.

Kilichobadilisha hali ni watu kushtaki kwa wingi. Sheria ilibadilishwa mwisho wa 2021, Machi 2022 kanuni zikatoka kwamba lazima ukuwe na leseni ya Benki Kuu na hauruhusiwi kupigia watu wa fonibuku kumwaibisha mkopaji. Halafu Ofisi ya Kamishna wa Data ikaanza kupiga faini, Septemba 2023 kampuni ya Mulla Pride, wale wa KeCredit na Faircash, walipigwa shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu wengine kutuma vitisho. Haijaisha kabisa, lakini wameshika adabu kiasi. So usikubali mtu akwambie kulalamika ni kupoteza wakati, zile faini zilitoka kwa malalamiko ya watu wa kawaida tu kama mimi na wewe.

Bwana Mizani

Hiyo ya asilimia 3.5 sikuwa naijua, asante @Msomi wa Kata. Kama hawana leseni basi nakubaliana asitume. Ila kama wanayo nabaki palepale, kinachobaki kihalali kilipwe, jina la dada lisafishike pande zote.

Mama Nuru

Sasa wanaume mmeongea sheria vizuri ila huyu dada amejifungia ndani, naomba tumwangalie na yeye. Polisi na Tume vitachukua muda wake, mama mkwe na kikoba ni leo.

Kaka, kinachoua hapa ni ukimya. Watu wameona picha, hawajasikia maneno yake, kila mtu anajaza anavyotaka. Msaidie aandike ujumbe mmoja mfupi autume yeye mwenyewe kwa kila aliyepata ile picha, au aweke statasi. Aandike hivi: "Ndugu zangu, nilichukua mkopo mdogo mtandaoni, nimepokea 68,000 na nimerudisha 70,000, risiti ninazo. Kampuni imeiba namba zenu kwenye simu yangu na kusambaza picha yangu kinyume cha sheria. Hakuna aliyenidhamini na hakuna anayedaiwa. Msiwatumie hela, msiwajibu, naomba mnitunzie skrinishoti za meseji zao nizipeleke polisi." Basi. Asiombe radhi kwa kuitwa mwizi, hakuiba. Kwa mama mkwe asitume meseji, aende na mumewe, wakae chini, mume ndo aanze kuongea. Shemeji yako anaonekana yuko upande wake, hiyo ni hazina kubwa, ningekuwa nimeolewa na mtu wa kuuliza "kwa nini hukuniambia" mbele za watu ningekuwa na hali nyingine.

Na ule ufunguo. Jamani mimi niko kwenye kikoba mwaka wa kumi na kitu huu, ufunguo wa sanduku hauchukuliwi na mtoto aliyetumwa mlangoni! Ulikabidhiwa kwenye kikao mbele ya wanachama, utarudishwa kwenye kikao mbele ya wanachama kama wataamua hivyo. Aende siku ya kikao, abebe zile risiti mbili, aombe dakika zake aeleze. Na atawasaidia wenzake pia maana nakuhakikishia kwenye kikoba hicho kuna mwingine anadaiwa na hao hao anaogopa kusema.

mzaramo halisi

Mama Nuru umeongea mpaka nimenyanyuka kwenye kiti.

mtu_wa_Kihonda

Kwa lile kundi la WhatsApp msitoke wote harakaharaka. Mmoja wenu abaki, apige picha ya namba ya admini na orodha ya walioingizwa, aripoti kundi lenyewe na ile picha, ndo atoke. Wakitoka wote mapema ushahidi wa nani aliunda unapotea.

Kaka_wa_Igoma

Wakuu nashukuru sana kwa kweli, nimesoma kila kitu na nimemsomea mdogo wangu kwa simu.

Mrejesho mfupi. Jina la ile kampuni tumelitafuta kwenye orodha ya wenye leseni halipo. Hivyo hela situmi. Namba wanayotaka tulipie imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi, wala siyo kampuni, nimeanza kuituma kama nataka kulipa nikaona jina nikaghairi pale kwenye kuthibitisha. Shemeji ameenda kituoni na skrinishoti wamempa RB. Malalamiko kwa Tume ninaandika mimi yangu na yeye yake, mwalimu wa mtoto naye kakubali kuandika ya kwake. Ule ujumbe wa Mama Nuru ameutuma kama ulivyo kabadilisha maneno mawili tu, na fundi bomba ndo wa kwanza kumpigia, kamwambia hata yeye walishamfanyia. Mwenyekiti wa kikoba kajibu kwamba ufunguo ubaki kwa mdogo wangu mpaka Jumamosi wakae wote.

Mama Nuru, anauliza kama kwenye kikao aende na mumewe au aende mwenyewe?

Mama Nuru

Aende mwenyewe. Mume amsindikize mpaka nje amsubiri. Ile ni nyumba yake yeye, wanachama wamzoee akisimama kwa miguu yake.

dullah_255

Mkuu hizo namba zinazotuma meseji inaishia 41? Mimi nimepata meseji inayofanana neno kwa neno lakini jina la mdaiwa ni mtu mwingine, nilisoma naye Kilosa. Kama ndo hao naweza kuandika malalamiko yangu tuyaunganishe.

Kaka_wa_Igoma

Ndo hiyohiyo mkuu. Usiifute hiyo meseji, nakucheki PM sasa hivi.