Mkuu wa masoko wa siku mbili kwa wiki: nimelipa miezi 6, nimebaki na slaidi 64

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu. Sitataja jina la mtu wala la wakala aliyetukutanisha, kwa hiyo msihangaike kuniuliza pembeni.

Nina biashara ya programu ya kutunza hesabu za stoo, mteja analipia kila mwezi. Tuko watu 19. Tulikua mpaka tukafika pale ambapo mimi ndiye muuzaji, mimi ndiye naandika matangazo, na mimi ndiye napokea simu saa tatu usiku ya mteja aliyesahau nywila. Watu wakaniambia nitafute mkuu wa masoko. Nikaulizia mshahara wa mtu wa ngazi hiyo akiajiriwa moja kwa moja, nikanyamaza. Ndipo nikaletewa habari ya mkuu wa masoko wa muda: mtu mzima, kashika vyeo vikubwa huko alikotoka, anakuja kwako siku mbili kwa wiki na unamlipia hizo mbili tu. Nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Na niseme la kwangu mapema kabla hamjanisema. Wakati ule tulikuwa kwenye mazungumzo na wawekezaji, na kile cheo nilikitaka kwenye ukurasa wa "timu yetu". Nilimsaili dakika 40, na 35 kati ya hizo aliongea yeye. Hilo kosa nalibeba.

Siku zake zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Vijana ofisini wakambatiza Alhamisi, maana Jumanne ni jina la mtu kabisa, wangechanganya.

Mwezi wa kwanza uliishia kwenye vikao. Alimhoji kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Sikulalamika, mgeni lazima asome mazingira. Mwisho wa mwezi akaleta mkakati, slaidi 64, zimepangwa vizuri mpaka unaona aibu kuuliza swali. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu mpaka tulipofika slaidi ya 41, inayoeleza jinsi tutakavyowashawishi wazazi wenye watoto wadogo. Wazazi! Wateja wetu ni watunza stoo. Nikasogea karibu na ukuta, na pale chini kwenye maandishi madogo nikasoma jina la biashara nyingine kabisa. Akacheka. "Dada yangu, hicho ni kiolezo tu, usijali, nitarekebisha."

Hakurekebisha. Hata leo slaidi ya 41 bado ina wazazi.

Siku hiyohiyo, alipofunga slaidi, kalenda yake ikajitokeza ukutani kwa sekunde chache. Rangi sita. Sisi tulikuwa ile ya kijani, na hata Alhamisi yetu ilikuwa imeingiliwa na zambarau kuanzia saa nane mchana. Ndiyo maana kila Alhamisi baada ya chakula alikuwa koridoni na simu sikioni. Mtu kuwa na wateja wengi sina ugomvi nako, biashara yake ndiyo hiyo. Ila mkataba ulisema "siku mbili kwa wiki", haukusema saa ngapi, wala haukusema ana wateja wangapi. Na mimi sikuuliza.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe. Mkakati hautembei wenyewe. Unahitaji mtu wa kuandika, mtu wa kuchora, mtu wa kukaa na matangazo kila siku akiyarekebisha. Sisi tuna kijana mmoja wa mitandao. Mmoja! Alhamisi jioni anapewa orodha ya kazi 23, kisha bwana anaondoka. Ijumaa asubuhi kijana anaandika, "Kaka, nianze na ipi?" Alinionyesha simu yake. Ujumbe umepokelewa Ijumaa, jibu limekuja Jumanne: "Zote ni muhimu." Yule kijana alikuwa na furaha na kazi yake kabla ya hapo. Mwezi wa tatu aliomba likizo, mwezi wa nne akaacha. Huyo namlilia kuliko pesa.

Mkinibana niseme kosa kubwa la biashara yangu lilikuwa lipi, ni hili. Tulikuwa tumepungukiwa mikono, tukaenda kukodi kichwa. Na mtu mwenye miaka 20 ya uzoefu alipaswa kuliona hilo wiki ya kwanza na kuniambia, "Dada, hunihitaji mimi, tafuta watendaji wawili." Labda aliliona.

Haya, takwimu. Mwezi wa tatu akaleta ripoti: wateja wapya 31 kutoka kwenye matangazo. Tukapiga makofi. Mhasibu wetu hakupiga. Ni mama mtulivu, haongei mpaka awe na karatasi mkononi. Akafungua kitabu chake akasema ankara za wateja wapya mwezi huo ni 14. Wote. Ukijumlisha na walioletwa na ndugu zao, na yule aliyetupigia baada ya kuona programu kwa jirani yake.

31 imetoka wapi? Hapa nisikilizeni vizuri wenye biashara, maana hili mtakutana nalo. Kila mtandao wa matangazo unajihesabia wenyewe. Kwa Facebook, usipobadilisha mpangilio, mtu aliyebonyeza tangazo akanunua ndani ya siku 7 anahesabiwa kuwa wao ndio wamemleta, na hata aliyeliona tu likipita, bila kubonyeza, akanunua ndani ya siku 1, naye ni wao. Google nao wana hesabu yao. Mtu mmoja akipita kote kuwili, anahesabiwa mara mbili. Halafu huko kwetu aliyejaza fomu ya kujaribu bure naye aliitwa "mteja". Bwana alijumlisha safu zote akaweka jumla chini. Huo ni ujumlishaji, mtoto wa shule anaweza.

Na kuna ujanja mwingine mtamu zaidi. Sehemu kubwa ya pesa ya Google ilikuwa inalipia jina letu wenyewe. Yaani mtu anaandika jina la programu yetu kwenye Google, tayari anatutafuta, anakutana na tangazo letu juu, anabonyeza, tunalipa. Chini ya tangazo, kidole kimoja tu, upo ukurasa wetu uleule wa bure. Lazima ripoti ing'ae, maana unawahesabu watu ambao walishafika mlangoni. eBay, lile soko la mtandaoni la Marekani, walilijaribu hili mwaka 2012: walizima matangazo ya jina lao kwenye baadhi ya mitandao ya kutafutia, na karibu watu wote wakaendelea kuingia kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Utafiti ule ulichapishwa na wanauchumi mwaka 2015, uko wazi kwa yeyote. Nakubali mshindani akilipia jina lako hesabu inabadilika kidogo. Kwetu hakuna aliyelipia jina letu. Niliangalia.

Mhasibu akauliza swali la pili, kwa upole uleule. "Hii gharama ya kumpata mteja mmoja, mmeihesabuje?" Bwana akajibu bajeti ya matangazo gawanya kwa wateja wapya. Mama akauliza, "Na malipo yako wewe yamo?" Kimya. Gharama ya kumpata mteja ni yote unayotumia kwenye masoko na mauzo: matangazo, mishahara, programu, na huyo mkuu mwenyewe wa siku mbili. Mama akachukua kalamu. Akaingiza malipo yake, akagawanya kwa 14 badala ya 31. Kila mteja mpya ingebidi akae nasi miezi 22 ndipo turudishe tulichotumia kumpata. Wateja wetu wengi ndiyo kwanza wana mwaka mmoja.

Baada ya kikao kile nikadhani atajirekebisha. Akaja na barua pepe.

Alinunua orodha ya anwani, sijui kwa nani, akatuma tangazo Alhamisi jioni kutoka kwenye anwani yetu, ile ileile tunayotumia kutuma ankara. Siku moja, maelfu ya watu wasiotujua. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: anayetuma zaidi ya ujumbe 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima athibitishe anwani yake kwa SPF, DKIM na DMARC (mipangilio inayoonyesha kwamba barua pepe kweli imetoka kwako), aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu, yaani barua taka, yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Kwetu DMARC haikuwepo. Mkuu wa masoko hakuuliza, fundi hakuambiwa.

Jumatatu simu zikaanza. "Dada, ankara ya mwezi huu mbona haijaja?" Imetumwa. "Haipo." Angalia kwenye spamu. "Aah, ipo huku." Mteja wa pili, wa tatu, wa tisa. Wateja wazuri kabisa, wanaolipa kwa wakati, ankara zetu zimelala pamoja na matapeli wa bahati nasibu. Ilituchukua wiki saba kurudisha heshima ya anwani yetu, na kwa wiki hizo mhasibu alikuwa anapiga simu kwa mteja mmojammoja. Yeye bwana nilipomweleza akasema suala hilo ni la kiufundi, liko nje ya wigo wake.

Sasa funguo. Akaunti ya matangazo aliifungua yeye, chini ya biashara yake yeye, "kwa urahisi". Pikseli inayokusanya taarifa za wanaoingia kwenye tovuti yetu, ya kwake. Historia yote ya miezi sita, tangazo gani lilifanya kazi na lipi halikufanya, iko kwake. Kadi iliyokuwa inakatwa pesa ndiyo yetu, hiyo peke yake. Nilipomwandikia tuachane, akajibu kwamba kukabidhi ni baada ya siku 60 za notisi, zikilipwa. Nikasoma mkataba. Kweli, siku 60 zimo. Kukabidhi akaunti hakumo kabisa, hata neno moja.

Najua mmeshaanza kuandika kwamba hawa watu wote ni wapigaji. Hapana, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Rafiki yangu ana karakana kubwa ya samani za ofisi, naye alichukua mtu wa aina hiyohiyo, mama mmoja mstaafu wa kampuni kubwa, siku moja tu kwa wiki. Wiki ya kwanza yule mama hakuomba kikao. Aliomba namba za simu za wateja 15: watano wapya, watano wa zamani, watano walioondoka. Akawapigia mwenyewe. Akarudi na karatasi moja iliyosema walioondoka hawakushindwa bei, walichoka kusubiri mafundi. Akamwambia rafiki yangu asiongeze hata senti kwenye matangazo mpaka usafirishaji unyooke. Mkataba wake ulikuwa na majina ya wateja wake wengine, saa za kazi, na kila akaunti imefunguliwa kwa jina la rafiki yangu tangu siku ya kwanza, yeye mama akialikwa tu kama mgeni. Na alisema kabisa nani atafanya kazi siku ambazo yeye hayupo. Yaani huduma ni ileile, jina lilelile. Mimi nikapata Alhamisi.

Swali langu kwenu, na naomba majibu ya waliopitia, siyo ya kubahatisha: kuna aliyewahi kuipata akaunti ya matangazo iliyofunguliwa chini ya biashara ya mtu mwingine? Fundi wangu anasema nisahau, nifungue mpya, niweke pikseli mpya, nianze sifuri. Mwanasheria anasema nilipe notisi ya siku 60 niombe kukabidhiwa kwa maandishi. Nikilipa na asipokabidhi je?

Nyongeza, saa nne usiku: kuna mtu amenitumia kiungo sasa hivi. Bwana ameandika makala kwenye ukurasa wake wa kikazi kuhusu alivyoiongezea kampuni ya programu za stoo wateja maradufu ndani ya miezi mitatu. Namba 31 imo. Picha aliyoweka imepigwa ofisini kwetu, na kiti alichokalia ni cha mhasibu.