Mwamba wa mafuta: unatofautianaje na makaa ya Kiwira?

Bonde_la_Kiwira: Shikamooni wakubwa. Huku Rungwe tunabishana kuhusu makaa ya mawe kila siku. Estonia wanachoma mwamba wa mafuta kupata umeme. Ubaya wake kwa maji ni upi?

Mchimba_Mwamba: Marahaba. Mwamba huo hauna mafuta yaliyo tayari, una kerojeni, yaani mabaki ya viumbe wa kale yanayogeuka mafuta yakipashwa moto. Ili kuyapata, mwamba unasagwa, unapashwa moto bila hewa hadi karibu 500°C, kisha mvuke unapozwa uwe mafuta. Ili kujua mwamba una mafuta kiasi gani, maabara hupima gramu 100: joto hupanda nyuzi 12 kwa dakika hadi 500, likashikiliwa dakika 40. Ukitoa lita 100 za mafuta kwa tani ni mwamba mzuri. Piga hesabu: sehemu kubwa ya tani inabaki taka, na ikishasagwa na kupashwa moto hairudi yote shimoni, maana imevimba.

Maji_Kwanza: Hapo ndipo pa kuumia. Makaa yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) yakikutana na hewa na maji huzaa asidi, ndiyo maana migodi humwaga chokaa. Majivu ya Estonia ni kinyume: yamejaa chokaa, maji yake hufika pH 12 na zaidi, yaani alkali kali (7 ndiyo katikati). Ukiongeza chokaa unaharibu kabisa! Mto Kiwira unaishia Ziwa Nyasa; samaki hawavumilii hali yoyote kati ya hizo.

Bonde_la_Kiwira: Na kuupasha mwamba moto humohumo ardhini, bila kuuchimba?

Mchimba_Mwamba: Kampuni ya mafuta ya Shell walijaribu Colorado, Marekani: vipasha joto visimani kwa miaka, na ukuta wa barafu kuzuia maji ya ardhini. Waliacha 2013. Umeme unaoliwa ni mwingi mno, ndugu.