Naomba ushauri: kiitikio cha mwendo wa pole kwenye video ya mradi wa darasa

Habari zenu wakuu. Tuko wanne, mradi wetu ni video ya wimbo wa dakika 3. Michoro ya shoti zote iko tayari, kinachotutesa ni kiitikio tunachokitaka kwa mwendo wa pole. Tulijaribu kurekodi kwa fremu (picha) 50 kwa sekunde huku wimbo ukipigwa kasi maradufu, kisha tukashusha hadi 25. Midomo inaendana, ila mwimbaji anaonekana kama anatafuna kitu cha moto! Dodoso la maoni kuhusu video nalo limetuangusha: marafiki 20, karibu wote wamejibu "iko poa", basi.

Je, kuna namna ya kumzoesha kuimba kwa kasi ile, au tumpige picha kwa mbali? Na tuulize vipi ili watu waseme ukweli?